Maji Niliyoyarudisha Bombani

Bomba la nne lilichimbwa hatua thelathini kutoka kwa boma langu, kati yetu na shimo la makaa. Hatua hizo nimezihesabu mwenyewe. Kampuni ilipokuja kuchimba makaa ya mawe nyuma ya kilima, kabla hujafika Gotu, iliambiwa iweke mabomba manne ya kupimia maji yaliyo chini ya ardhi, ili ijulikane kama uchafu wa shimo unatembea kuja kwa watu. Hayakuwa visima vya kunywa. Bomba lenyewe ni jembamba, mkono hauingii, limevishwa chuma juu, lina kifuniko na kufuli. Watu wa kijiji chetu, Bula Dadacha, waliliita bomba bubu, kwa sababu lina maji na halimpi mtu.

Kila miezi mitatu alikuja Gichunge, kijana wa maabara moja ya Meru, na pickup nyeupe na sanduku la barafu. Hakuwa mtu wa kampuni wala mtu wetu. Maabara yao ilichaguliwa ikae katikati. Ufunguo mmoja alikuwa nao yeye. Wa pili aliniachia mimi, kwa sababu kufuli lilikuwa linajaa mchanga na lazima mtu alipake mafuta, na kwa sababu Abdub, mwenyekiti wa kisima chetu, alisema mbele ya watu, "Ufunguo mpe Mama Huqa. Huyu ukimwekea chumvi, hataonja hata punje."

Nikapewa na daftari, niandike kila anayekaribia bomba. Niliandika. Hata mbuzi wa nani amejikuna pale, niliandika.

Siku ya kwanza nilisimama na wanawake wengine tumwone huyo daktari wa bomba. Alishusha kamba yenye kengele. Ikagusa maji, ikalia. Akaandika. Halafu akateremsha pampu ndogo ya betri, nyembamba kama hindi, akaiwasha, na maji yakaanza kutoka. Mtungi wa lita ishirini ukajaa. Akaumwaga mchangani. Ukajaa tena. Akamwaga tena.

Huo ulikuwa mwaka wa ukame. Kisimani kwetu watu walikuwa wanapanga mitungi tangu alfajiri, na ng'ombe wawili wa Abdub walikuwa hawasimami tena bila kushikwa mkia.

"Wee kijana!" Abdub akamwita. "Unafanya nini na hayo maji?"

"Mzee, haya yamelala kwenye bomba, yamechacha. Lazima niyatoe yote, mara tatu, ndiyo yaje maji mapya ya ardhini. Nikichukua haya nitakuwa nimepima bomba, si ardhi."

"Kwenu Meru maji yanapita kwa mfereji mpaka kwa migomba, ndiyo unaona ni sawa. Hapa mtu akimwaga maji hivyo tunajua anatulaani."

"Basi niache nimalize laana, mzee. Nikitoka hapa nitapitia kanisani."

Watu wakacheka. Hata Abdub alicheka. Mimi sikuweza. Mtume wetu amekataza kufuja maji hata kwa mtu anayetawadha kando ya mto unaopita, na pale hapakuwa na mto. Nilimfuata Gichunge nikamwomba angalau mbuzi wanywe.

"Hapana, mama. Hatujui kuna nini ndani. Asinywe mtu, asinywe mnyama."

Alipokuja mara ya pili nilikuwa nimetoa mitungi yangu mitatu mapema. Nikamwambia, "Jaza humu. Mimi nitajua pa kuyaweka." Akafurahi, maana siku ile ya kwanza matope yalikuwa yamempanda mpaka kwenye soksi. "Asante, Mama Huqa, umeniokolea viatu." Akajaza mitungi. Kisha akajaza chupa zake ndogo, zingine zina matone ya asidi chini, akazijaza mpaka juu kabisa pasibaki hewa, akabandika lebo, akazizika kwenye barafu. Nikatia sahihi karatasi yake kwamba bomba lilifungwa na lililindwa. Akaondoka mbio, maana alisema hayo maji yana saa zake, zikipita maabara haiyataki.

Mitungi mitatu ikabaki nami.

Niliiangalia tangu adhuhuri. Kunywa nimekatazwa. Kunywesha nimekatazwa. Kumwaga ni dhambi ninayoijua. Tena si maji yangu, nimeyapokea kwa mkono wangu, na kitu cha amana kinarudi kilikotoka. Baada ya kuswali alasiri, watu wote wakiwa kisimani na mifugo, nilifungua kufuli, nikakata chupa ya plastiki ikawa mdomo wa kumiminia, nikatandaza kitambaa safi juu yake kichuje vumbi. Nikayarudisha polepole, mtungi baada ya mtungi. Nilisikia yakishuka mbali chini. Moyo wangu ulitulia.

Nilifanya hivyo mara tano. Kwenye daftari sikuandika, kwa sababu daftari lilikuwa la watu wanaokaribia, na mimi ndiye mlinzi.

Mwaka wa pili kisima chetu kilianza kubadilika. Ukinywa, ulimi unakuwa kama umelamba jembe. Chai ilifanya utando juu, na maziwa yakakatika kabla hayajachemka. Wakubwa tulivumilia. Lakini Deeqa, mke wa mwanangu Huqa, alikuwa amejifungua msichana, tukamwita Bisharo, na alipoanza kunywa uji tumbo lake likaanza kuendesha. Likakaa wiki, likapoa, likarudi. Mtoto wa miezi tisa, mikono yake kama vijiti vya mswaki. Huqa alikuwa na ngamia huko juu Biliqo, akifuata majani. Simu yake inashika akipanda mlima. Nesi wa zahanati alimpima mtoto akasema, "Mbadilishieni maji." Alisema kama vile maji ni nguo. Maji mengine yako Gotu, kutwa nzima kwenda na kurudi, na punda wetu alikufa kwenye ukame.

Basi Gichunge akaja na karatasi. Haikuwa siku ya kupima. Aliketi kwenye boma langu na Abdub, nikawapa chai, ile yenye utando. Akanywa bila kukunja uso, nikajua amelelewa vizuri.

"Kamati ya mazingira ya kaunti inaketi keshokutwa, Isiolo mjini," alisema. "Bomba la kwanza liko nyuma ya shimo, lina maji mazuri. La pili na la tatu ni machafu, lakini yako karibu na shimo lenyewe, na kampuni inasema huo uchafu uko hapo tangu Mungu aumbe dunia. Sasa hili la nne ndilo la maana. Liko kwenu. Nilipoanza kupima lilikuwa zuri kama la kwanza. Sasa namba ya chumvi za shimo imepanda mara nne, na kila nikija imepanda. Maana yake uchafu unatembea."

"Na kamati ikikubali?" Abdub akauliza.

"Ikikubali, kampuni lazima ilete maji kwa lori kuanzia wiki ijayo. Halafu ichimbe kisima kipya mbali na shimo."

Nyuma ya pazia nilisikia Deeqa ameacha kusugua sufuria.

"Mama Huqa atasimama shahidi," Gichunge akaendelea. "Ni maswali matatu tu, mama, usiogope. Kufuli liliwahi kuvunjwa?"

"Hapana."

"Mtu mwingine alishika ufunguo wako?"

"Hapana."

"Kuna kitu chochote kiliwahi kutiwa ndani ya bomba?"

"Hakuna. Ni maji yake tu niliyokuwa nikiyarudisha."

Gichunge akaweka kikombe chini. "Maji gani?"

"Yale unayoniachia."

"Mama Huqa." Akasogea karibu. "Mimi nilidhani unapiga nayo matope ya nyumba."

"Ulisema asinywe mtu, asinywe mnyama. Matope hukuyataja."

"Mitungi hiyo ilikuwa na nini kabla?"

Nikamwambia ukweli. Mmoja ulikuwa wa maji ya kisima. Mmoja tulikuwa tunatilia maji dawa, vile vidonge vya kusafishia. Wa tatu ulikuwa wa mafuta ya kupikia, lakini niliusugua kwa mchanga na sabuni mpaka ukalia.

"Na sabuni," akasema, akajifunika uso kwa mikono.

Abdub alicheka kwanza. "Maji yakimwagika hayazoleki, wazee wamesema. Huyu ameyazoa! Peke yake, dunia nzima!" Kisha akaona Gichunge hacheki. "Kwani sabuni ndiyo imepandisha hiyo namba?"

"Kwa akili yangu, hapana. Mimi navuta mara tatu kabla sijachukua. Kilichomiminwa kinatoka kwanza. Sabuni ya mama haiwezi kuleta chumvi za makaa. Lakini utaratibu wa kazi yetu hauulizi akili yangu, mzee. Bomba likimiminiwa kitu limeharibika. Wakili wao akisikia, karatasi zote za la nne zinatupwa."

"Basi asisikie. Nani anajua? Ni sisi watatu."

"Na wa nne, aliye juu," nikasema. "Huyo ndiye ananisumbua."

"Mama Huqa, hao watu wamekuja na uongo wa kujaza lori. Wewe unaogopa kunyamaza kwa kijiko?"

"Nitashika msahafu, Abdub."

"Shika! Useme hapana, neno moja, ukae chini. Mungu anaona mtoto wako pia."

Nilimtazama Gichunge, maana nilitaka aseme lolote, hata baya. Alikuwa anakunja karatasi zake. "Mimi pia nina kosa," alisema. "Nilikuachia mitungi na sikuuliza, kwa sababu ya viatu. Siwezi kukuambia useme, mama, na siwezi kukuambia unyamaze." Akaondoka, na chai yake alikuwa ameimaliza.

Jioni Deeqa alinijia na mtoto mgongoni. Hakuketi.

"Ayo," aliniita, yaani mama kwa lugha yetu, "utasema?"

"Nikiulizwa nitafanya nini?"

"Ukisema, tutakunywa haya mpaka lini?"

"Sijui."

"Mimi sina elimu ya dini kama yako," Deeqa alisema. "Lakini mtoto hajaapa chochote." Akaenda kufua nepi. Ni msichana wa adabu, hajawahi kunipandishia sauti, na hata siku hiyo hakuipandisha.

Nilijaribu kujifundisha kunyamaza. Nilipokuwa nakama mbuzi nilijiuliza lile swali na kujijibu hapana. Niliweza. Nilipokuwa natafuta kuni niliweza. Mdomo ni nyama tu. Lakini nilipokaa kwenye mkeka baada ya swala, aya ya ushahidi ilinijia, ile inayosema anayeuficha moyo wake una dhambi, na nikaona kwamba nikiiruka hiyo moja sitajua tena nisimame wapi na zile nyingine. Hiyo haikunipa nguvu. Ilinifunga mikono.

Kamati iliketi ukumbini, mtaa wa Kiwanjani pale Isiolo. Watu watatu kwenye meza, mkubwa wao mama mmoja wa miwani aliyetusalimia vizuri, salaam aleikum kwetu, habari kwa wengine. Abdub alikaa mbele na bakora yake katikati ya magoti. Deeqa alikaa nyuma na Bisharo mapajani. Alikuwa amemvisha gauni la Idi, na lilikuwa limekuwa kubwa kuliko siku ile ya Idi.

Nilishika msahafu. Wakili wa kampuni alikuwa mtoto mdogo kwangu, mpole, aliniita mama yangu. Angekuwa mkali labda ningepata pa kushika. Aliuliza juu ya kufuli, nikajibu. Aliuliza juu ya ufunguo, nikajibu. Swali la tatu aliliuliza akiwa anafunua karatasi ya kesi nyingine, kama mtu anayeuliza duka lina kiberiti. Hata hakuwa ananiangalia. Nilikuwa na nafasi ya neno moja, na nadhani angeniambia asante, keti.

"Nilitia maji," nikasema.

Akainua kichwa.

"Maji gani, mama yangu?"

Nikaeleza. Mitungi, kitambaa, chupa iliyokatwa. Nilisikia watu wetu wakivuta pumzi nyuma yangu.

"Mara ngapi?"

"Tano."

"Nani alikuambia ufanye hivyo?"

"Hakuna."

"Mpimaji alijua?"

"Hakujua."

"Kwa nini ulifanya?"

"Kwa sababu ni maji," nilisema.

Gichunge alisimama bila kuitwa. Alieleza habari ya kuvuta mara tatu, akaeleza kwamba sabuni si makaa, akasoma namba zake moja moja. Mama wa miwani alimwacha amalize. Kisha akamuuliza, "Hayo ni maoni yako, kijana. Utaratibu mnaofanyia kazi unasemaje juu ya bomba lililomiminiwa kitu?"

Gichunge alikunja karatasi yake.

"Ninakuuliza."

"Unasema limeharibika."

Wale watatu wa mezani waliinamiana kwa muda mfupi tu. Matokeo ya bomba la nne yakawekwa kando yote. Bomba jipya lichimbwe pale karibu, lipimwe mara nne, kila miezi mitatu, ndipo kamati ikae tena. Abdub aliuliza litachimbwa lini, akaambiwa mashine ikipatikana. Akauliza na maji ya lori, akaambiwa kwa sasa hakuna ushahidi wa kuiagiza kampuni. Alisema, "Ushahidi uko pale nyuma, amevaa gauni," akanyoosha bakora kwa Bisharo. Mama wa miwani alimtazama mtoto, akavua miwani, akavaa tena. Alisema anasikitika, lakini mtoto anaweza kuugua kwa mambo mengi.

Tulipokuwa tunatoka alinifuata mlangoni. "Asante kwa ukweli wako, mama. Watu kama wewe ni wachache siku hizi."

Sikujua niiweke wapi hiyo asante. Deeqa alikuwa amesimama kando yangu na aliisikia.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi ya Abdub. Nje alinijia, nikasimama nimsikilize. "Mimi ndiye nilisema upewe ufunguo," aliniambia. "Kosa ni langu." Akainama akafunga kamba ya kiatu chake, akaenda zake. Ningependa angenipiga na ile bakora.

Kisimani nyumbani wanawake wananipisha nichote mbele yao. "Mpisheni mama shahidi," mmoja anasema, "asije akaturudishia yetu ndani." Wanacheka. Wengine ni watu niliowazalisha. Najaza mtungi wangu, najitwika, naenda. Nikisema kitu nitasema nini? Wanakunywa ninachokunywa.

Wiki ya tatu walikuja watu wawili na zege, wakajaza bomba la nne mpaka juu, wakakata chuma. Hawakuwa na Gichunge. Nilimuuliza mkubwa wao, "Yule kijana wa Meru yuko wapi?" Akasema hamjui mtu huyo, yeye ametumwa na zege tu. Nilimrudishia ufunguo. Aliutazama, kufuli halikuwepo tena, akautia mfukoni kwa heshima. Mashine ya kuchimba bomba jipya haijafika. Nikipata mtu anayekwenda mjini namwambia aulize.

Huqa alipiga simu kutoka mlimani. Deeqa alizungumza naye mbali na mimi, kisha akaniletea simu. Mwanangu aliniuliza habari ya afya yangu, ya mbuzi, ya mvua. Hakuuliza lile jambo. Akasema, "Ayo, mtunze mtoto," na mtandao ukakatika, au alikata.

Leo tumbo la Bisharo limerudi tangu asubuhi. Macho yameingia ndani, na ukibana ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Nilimbeba mpaka zahanati. Nesi alinipa pakiti nne za ile poda ya chumvi na sukari. Nilimuuliza kama kuna maji ya zahanati, akanionyesha pipa lake. Analijaza kisimani kwetu kama watu wote. Kwenye pakiti imeandikwa, changanya na lita moja ya maji safi. Nimesoma mara mbili, darasa la saba linatosha kusoma hivyo.

Deeqa amekwenda na mitungi miwili kwa miguu, upande wa Gotu. Amesema atarudi jua likizama. Mtoto hawezi kungoja jua kuzama.

Nimechemsha maji ya kisima. Nimeyaacha yapoe, nikayachuja, yakabaki na umanjano wake chini ya bakuli. Nimetia poda, nimekoroga. Midomo ya mtoto imekauka mpaka imepasuka, na anaifuata harufu ya unyevu kwa kichwa chote. Nikachota kijiko kimoja, nikasema bismillahi, nikampa.

Amemeza. Amefungua mdomo tena.